Kiboksi cha kona: nimejaza Jumamosi 52 kwa Excel, Google Sheets na Calc, haya ndo maoni yangu

Nianze na aibu yenyewe. Mi ni katibu wa kikoba huku Ipagala, Dodoma mjini, tuko wanachama 28 na tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni nyumbani kwa mama mwenyekiti chini ya mwarobaini. Desemba nikaambiwa niandae ratiba ya vikao vya mwaka mzima wa 2026, kila mtu apate karatasi yake akabandike ukutani, maana kuna watu kila wiki lazima wapige simu kuuliza katibu leo kuna kikao au hakuna. Nikajisemea hii kazi ya dakika tano. Nikafungua Excel, nikaandika 03/01/2026, chini yake 10/01/2026, nikazichagua zote mbili, nikashika kile kiboksi kidogo cha kona ya chini kulia ya seli (vile vichumba vya jedwali) nikavuta mpaka zikatimia 52, nikaprinti nakala 28, sikuangalia hata mstari mmoja, nikatia kwenye bahasha nikaenda zangu soko la Majengo kununua mchicha.

Siku ya kugawa mama mwenyekiti kavaa miwani yake, kasoma, kanyamaza, kasoma tena. "Katibu mwanangu, kikao cha tatu umeandika tarehe tano mwezi wa kwanza elfu mbili ishirini na saba. Hapa katikati tunakaa tu?" Nikacheka nikidhani karuka mstari. Kumbe kweli bwana, cha tatu kilikuwa 5/1/2027, cha nne 12/1/2027, cha tano 7/1/2028, na kile cha mwisho kabisa, cha kuvunja kikoba na kugawana, kilikuwa 12/1/2055. Mzee mmoja pembeni akauliza huo mgao atakuja kuchukua nani, wajukuu? Basi kikao chote kikawa hicho tu, mpaka leo nikipita mtaani naitwa Katibu Hamsini na Tano.

Kwa hasira nikatumia likizo ya Krismasi kujaribu kazi hiyo hiyo kwenye programu tatu nilizonazo: Excel ya kwenye laptopu, Google Sheets kwenye simu na kwenye kompyuta, na LibreOffice Calc iliyopo kwenye laptopu kuukuu ya mdogo wangu. Haya ni maoni ya mtumiaji wa kawaida, mi sio mtu wa IT, ila hii kitu ya kujaza tarehe nimeitesa kweli na yenyewe imenitesa.

Kwanza niseme wazi kwamba Excel haikukosea, na hilo ndo liliniuma zaidi. Laptopu yangu nilinunua mtumba na mpangilio wa tarehe uliokuwemo ni wa Marekani, na wenzetu kule wanaanza mwezi ndo inafuata siku. Mi nimeandika tatu Januari, yenyewe ikasoma Machi mosi. Kumi Januari ikaisoma Oktoba mosi. Sasa ikaziona tarehe mbili, zote ni siku ya kwanza ya mwezi, zimepishana miezi saba, ikaamua huyu mtu anataka kila baada ya miezi saba, ikaniletea Mei 2027, Desemba 2027, Julai 2028 ikaenda hivyo hivyo mpaka Desemba 2055. Yaani ilijituma kuliko mimi.

Na ningeanzia Jumamosi ya tarehe 17 ningepata kituko cha aina nyingine. Ukiandika 17/01/2026 kwenye kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani inatafuta mwezi wa 17 haioni, basi inaiacha kama maandishi tu, haiihesabu kuwa tarehe. Ukiivuta inaongeza ile namba ya mwisho, unapata 17/01/2027, 17/01/2028, 17/01/2029, mwaka ndo unakimbia siku imesimama. Dalili yake ni rahisi: tarehe ya kweli inajisogeza yenyewe upande wa kulia wa seli, maandishi yanakaa kushoto. Ukiona imeng'ang'ania kushoto na hujaipanga wewe, usihangaike kuvuta, hapo hakuna tarehe.

Dawa yake kwenye Windows ni kuingia kwenye settings upande wa Region ukaweka mpangilio unaoanza na siku, mi niliweka wa Uingereza. Google Sheets haifuati kompyuta yako, kila faili lina mpangilio wake, unaingia File, halafu Settings, unabadilisha Locale. Ni vizuri ufanye kabla hujaandika chochote, maana zile ulizokwisha andika na ikazisoma vibaya hazijirekebishi, Machi mosi inabaki Machi mosi, inageuza tu sura na kusomeka 01/03. Nilijua hili baada ya kubadilisha na kushangilia mapema.

Halafu kuna kaujanja ambako laiti ningekajua Desemba nisingepata jina la utani. Chagua kolamu nzima ya tarehe, nenda kwenye fomati ya seli, kwenye Custom andika ddd dd/mm/yyyy. Sasa kila tarehe inatanguliwa na jina la siku kwa kifupi. Kama umejaza Jumamosi, ukiangalia kuanzia juu mpaka chini lazima uone Sat, Sat, Sat tupu. Ikitokea Tue hapo katikati, rudi nyuma. Sekunde kumi hazifiki. Sasa hivi siprinti kitu bila kufanya hivyo, hata kama ni orodha ya watu wanne.

Tuje kwenye programu zenyewe.

Excel ya kompyuta kwa kweli ndo inaongoza, na sababu kubwa ni kitu ambacho wengi hawakijui, mi mwenyewe nimetumia Excel zaidi ya miaka sita sikijui. Watu wote tunavuta kiboksi kwa kitufe cha kushoto cha maus. Jaribu kuvuta kwa kitufe cha kulia. Ukiachia, inakufungulia menyu hapo hapo inakuuliza unataka nini: kujaza siku, kujaza siku za kazi tu yaani Jumatatu mpaka Ijumaa, kujaza miezi, au kujaza miaka. Yaani unaandika tarehe moja tu, unavuta, unachagua Fill Weekdays, Jumamosi na Jumapili zote zinarukwa. Ofisini kwetu tuna rejesta ya mahudhurio inayoanza upya kila mwezi, na nilikuwa kila mwisho wa mwezi najaza siku zote halafu naanza kufuta Jumamosi na Jumapili moja moja huku natazama kalenda ya ukutani. Miaka sita. Nilipoiona ile menyu nilikaa kimya kidogo.

Ukivuta kwa kushoto kama kawaida pia sio mwisho wa dunia, kuna kialama kinatokea pembeni ya tarehe ya mwisho, ukikibonyeza unapata chaguo zile zile. Na kama unataka tarehe moja ijirudie, mfano tarehe ya malipo kwa watu wote, shikilia Ctrl wakati unavuta, hapo haiongezi siku, inakopi tu. Kama majina ya watu yameshajaa kwenye kolamu ya jirani, usivute kabisa, bofya kile kiboksi mara mbili tarehe zinashuka zenyewe mpaka jina la mwisho linapoishia.

Kwa orodha ndefu, kuvuta ni mateso kwa sababu maus ikifika chini ya skrini ukurasa unakimbia kama basi la usiku, unapita mstari wa 300 unarudi, unapita tena. Hapo tumia Home, halafu Fill, halafu Series. Kinafunguka kidirisha, unachagua Columns ili zishuke chini, la sivyo tarehe zinaelekea kulia, unachagua Date, unachagua kipimo kama ni siku au siku za kazi au mwezi, kwenye Step unaweka 7 kama ni kila wiki, na kwenye Stop unaandika tarehe ya mwisho. Niliweka 31/12/2026, ikajaza ikaishia yenyewe Jumamosi ya tarehe 26 Desemba, jumla 52, sikuhesabu kitu. Hiki kidirisha nakipa alama zote.

Hapa niwape pole watu wa steshenari. Kabla sijaamua kufanya mwenyewe nilishawahi kupeleka kazi kama hii kwenye steshenari moja hapa mjini, ratiba ya zamu za usafi za nyumba tunayopanga, na yule kijana akaanza kuandika tarehe kwa mkono moja baada ya nyingine, naona kabisa, tarehe 28, 29, 30, 31, halafu akaandika 32 akafuta. Nikalipa kwa ukurasa kama kawaida. Nilipofika nyumbani wiki moja imeandikwa mara mbili na mpangaji wa chumba cha nne akaosha choo wiki mbili mfululizo, akaninunia mimi. Sasa namuelewa yule kijana, hakuna aliyemuonyesha. Ila hela yangu alikula.

Google Sheets sasa. Kwenye kompyuta kuvuta kupo vile vile, tarehe moja inaongeza siku moja moja, ukichagua mbili inafuata nafasi iliyopo kati yake. Ila ile menyu ya kitufe cha kulia haipo, kwa hiyo siku za kazi tupu itabidi uandike fomula, nitaisema hapo chini. Sifa yake kubwa kwangu ni kwamba wanachama wote wanaiona kwenye simu zao, mweka hazina akiandika marejesho mi nayaona hapo hapo nikiwa kwenye daladala ya Nkuhungu, na haihitaji laptopu kabisa.

Kwenye simu ndo nikapata shida. Unachagua seli mbili za tarehe, unaona kidoti cha bluu pale konani, unakivuta kwa furaha kama ulivyozoea kwenye kompyuta, unaachia, na hakuna kinachotokea. Seli zimechaguliwa tu, tupu. Nilivuta kile kidoti labda mara ishirini, nikazima simu nikawasha, nikadhani bando limeisha, nikamlaumu mtoto kwamba kachezea. Kumbe kwenye simu kidoti kile ni cha kuchagulia, sio cha kujazia. Unatakiwa uandike tarehe mbili, uvute kidoti mpaka unapotaka kuishia, halafu uguse lile eneo ulilochagua, itokee menyu, ubonyeze vidoti vitatu, humo ndani ndo kuna Autofill. Ukishajua ni sekunde tano, ila kwa nini waifiche huko ndani, sijui. Excel ya kwenye simu wao wameiweka karibu kidogo, ukigusa seli neno Fill linatokea kwenye kile kimenyu pamoja na kopi na pesti, unaligusa halafu ndo unavuta. Kwa simu Excel imeshinda hapo, ila kwa kushirikiana na watu 28 bado narudi Sheets.

Na Sheets ndo nilikopata msala wa pili. Baada ya ile ya 2055 nikasema sitaki tena kuvuta, naweka fomula. Seli ya kwanza, yaani A2, 03/01/2026, ya pili =A2+7, naivuta hiyo mpaka chini. Uzuri wake ni kwamba ukibadilisha tarehe ya kwanza zote zinajipanga upya, mwaka kesho nabadilisha seli moja tu nimemaliza. Safi kabisa. Wiki haijaisha mmoja wa viongozi akaona kikao cha Agosti 8 hakitakuwepo, maana 2026 Nane Nane inaangukia Jumamosi na nusu ya kikoba siku hiyo watakuwa viwanjani Nzuguni, kuna wanaouza zabibu na karanga, kuna wanaoenda kuangalia tu. Kwa nia njema kabisa akafuta ule mstari. Basi kuanzia hapo mpaka Desemba kolamu nzima ikageuka #REF!, kila tarehe ilikuwa inamtegemea aliyetangulia na aliyetangulia kafutwa. Simu yangu siku hiyo haikupumzika. "Katibu mbona kuna matusi ya kiingereza kwenye ratiba?"

Kwa hiyo sasa nafanya hivi: nikishamaliza kujaza kwa fomula na kuhakiki, nakopi kolamu yote, napesti hapo hapo kwa Ctrl+Shift+V, inabaki tarehe tupu bila fomula ndani, mtu akifuta mstari anafuta mstari wake tu. Faili langu mwenyewe lenye fomula nabaki nalo pembeni.

Kuna fomula nyingine ya kisasa zaidi, SEQUENCE, ipo Sheets na ipo Excel mpya kuanzia ya 2021. Unaandika kwenye seli moja =SEQUENCE(52,1,DATE(2026,1,3),7), maana yake nipe mistari 52, kolamu moja, anzia tarehe hiyo, ruka saba saba. Zinamwagika zote kwa mpigo. Mara ya kwanza zilinitokea kama 46025, 46032, 46039, nikajua nimeharibu tena. Kumbe tarehe ndani ya hizi programu ni namba tu ya siku, Excel inahesabu kuanzia Januari 1, 1900 ambayo ndo namba moja, kwa hiyo Januari 3, 2026 ni siku ya 46025. Unabadilisha fomati kuwa tarehe, basi. Hapo ndo nikaelewa hata kwa nini kujumlisha 7 kunafanya kazi. Na kuna kichekesho, Excel inaamini mwaka 1900 ulikuwa na Februari 29, wakati haikuwepo, ni kosa lililorithiwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya zamani, ili mafaili ya zamani yaelewane, likaachwa mpaka leo. Kwa ratiba ya kikoba halina madhara, ila nilifurahi kujua kwamba na wao wana yao.

Marejesho ya mikopo yalinipa somo lingine. Sisi marejesho ni mwisho wa mwezi. Nikaandika 31/01/2026, chini yake nikaweka =EDATE(A2,1) yaani mwezi mmoja mbele, nikavuta. Ya kwanza ikaja Februari 28, sawa. Ya pili ikaja Machi 28. Halafu Aprili 28, Mei 28, zote 28 mpaka Desemba. Kila seli inamuangalia wa juu yake, na wa juu yake akishashuka 28 hakuna wa kumkumbusha kwamba tulianza na 31. Mkopaji mmoja angelipa tarehe 31 Machi ningemwandikia faini ya kuchelewa siku tatu, na kwa jinsi ninavyomjua huyo mama tungefikishana kwa balozi. Tumia EOMONTH badala yake, =EOMONTH(A2,1) inakupa mwisho wa mwezi unaofuata uwe 28, 30 au 31. Na ile menyu ya Excel ya kitufe cha kulia, ukichagua Fill Months kuanzia Januari 31, inakupa Februari 28 kisha inarudi Machi 31 yenyewe bila fomula. Ndo maana nasema inaongoza.

Sasa kwa wenye ofisi, fomula ya siku za kazi ni WORKDAY. Kolamu ya pembeni, mi natumia H, andika sikukuu zote: Mwaka Mpya, Mapinduzi Januari 12, Karume Aprili 7, Muungano Aprili 26, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Oktoba 14, Desemba 9, Krismasi mbili zile, za Pasaka, na za Idi na Maulidi mwezi ukishaandama. Halafu =WORKDAY(A2,1,H$2:H$20) unavuta. Angalia Aprili 2026 inavyofanya: Alhamisi tarehe 2 ni kazi, Ijumaa Kuu tarehe 3, kisha wikiendi, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, Karume tarehe 7 Jumanne, kwa hiyo mstari unaofuata baada ya tarehe 2 ni Jumatano tarehe 8 moja kwa moja. Nilimuonyesha bosi akasema kumbe tuna mapumziko marefu hivyo, nikajuta kumuonyesha. Kwa wanaofanya kazi Jumamosi, kama jamaa zangu wa saiti za ujenzi za kule Mtumba, kuna WORKDAY.INTL, unaandika =WORKDAY.INTL(A2,1,11,H$2:H$20), ile 11 maana yake mapumziko ni Jumapili tu, hapo baada ya tarehe 2 inaleta Jumamosi tarehe 4 ndo inaruka mpaka 8. Zile alama za dola msizisahau, bila hizo ukivuta na orodha ya sikukuu nayo inashuka, mstari wa kumi unajikuta huna Mwaka Mpya.

Calc sina mengi ya kulalamika. Ni bure, haihitaji intaneti ukishaiweka, na kwenye ile laptopu ya mdogo wangu ambayo Excel inaifanya ipumue kama imepanda mlima, Calc inaenda. Kuvuta kupo, Ctrl ya kukopi ipo, na kile kidirisha nilichokisifia kipo pia, kwenye menyu ya Sheet, halafu Fill Cells, halafu Fill Series, kina siku, siku za kazi, mwezi na mwaka, na sehemu ya kuandika tarehe ya mwisho. Sura yake ya kizamani kidogo, vitufe vimerundikana, lakini kazi inafanya. Ukiwa mwanafunzi pale UDOM na hela ya kula inakutosha kwa shida, hii inakutosha.

Kero moja kwa zote: Kiswahili. Andika Monday uvute, Excel inakuletea Tuesday, Wednesday mpaka mwisho. Andika Jumatatu uvute, unapata Jumatatu, Jumatatu, Jumatatu, kama mtu anayedai deni. Ila Excel na Calc zinafundishika. Kwenye Excel ingia File, Options, Advanced, shuka chini kabisa utaona Edit Custom Lists, andika Jumatatu mpaka Jumapili kila moja mstari wake, hifadhi, kuanzia siku hiyo ukivuta Jumatatu inakuja Jumanne. Kwenye Calc iko kwenye Options zake, inaitwa Sort Lists. Mi nimeingiza na majina ya wanachama wote 28 kwa mpangilio wa zamu za kupika chai, naandika jina la kwanza navuta zamu zinajipanga mwaka mzima. Sheets haina hii, na hapo nimeinyima nyota moja.

Kwa hiyo kama unaniuliza mimi, nyota tano kwa Excel ya kompyuta, nne kwa Calc na ningeipa nne na nusu kwa sababu ya bei, Sheets tatu na nusu kwenye kompyuta, na kwenye simu mbili mpaka watakapoitoa ile Autofill mafichoni. Ratiba mpya niliigawa kikao cha Januari 3, safari hii mama mwenyekiti aliisoma mbele ya watu kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa 52, mwezi baada ya mwezi, sijui kama ilikuwa hakiki au adhabu. Akafika Machi akasimama. "Na hii tarehe ishirini na moja katibu, si ndo Idi?" Idi el Fitri ya 2026 ilitarajiwa Machi 20 au 21, mpaka mwezi uandame ndo tungejua, na 21 ni Jumamosi. Nikamwambia mama hiyo hata Excel haijui. Nimeipaka ile seli rangi ya njano, nimeiacha.